Lau Angefanya Mke

Ndugu Muislamu, kila inapotajwa sinema ya Kihindi katika mawaidha yetu, anayelaumiwa ni mwanamke. Husemwa kuwa sinema ndiyo iliyomvua buibui, ndiyo iliyomfundisha kuandika barua za mapenzi, ndiyo iliyomtia kiburi mbele ya mumewe. Maneno hayo yalisemwa zama za majumba ya sinema, wakati wanawake wa pwani walipokuwa na siku yao na saa zao peke yao za kuangalia picha, na yanasemwa mpaka leo ambapo majumba mengi yamefungwa na picha huangaliwa chumbani ndani ya simu. Wala sikukusudia kuyakanusha yote. Mengi yaliyomo katika picha hizo ni upuuzi mtupu, na mengine ni haramu isiyo na shaka. Lakini nataka kuuliza jambo ambalo wenzangu wa mimbari hawaliulizi: jee, mwanamume yeye hakuwamo katika picha hizo? Hakuwa akiangalia? Na alipoangalia, aliona nini?

Ipo picha moja ya mwaka 1982 iitwayo Arth, na neno hilo kwa Kihindi ni maana. Aliyeitengeneza ni Mahesh Bhatt. Waliocheza humo ni Shabana Azmi, ambaye aliipatia tunzo ya taifa ya India, na marehemu Smita Patil, na Kulbhushan Kharbanda. Huenda wamo nyumbani mwenu wanaoijua kwa ghazal zake tu, zile zilizoimbwa na Jagjit Singh na mkewe Chitra, wala hawajali kisa kilichomo. Mimi siwaiti watu kwenda kuiangalia. Humo mna ulevi, mna wanawake na wanaume wasiokuwa maharimu waliochanganyika, na mna pahala ambapo mke mwenyewe aliyedhulumiwa analewa mbele ya watu na kupayuka. Hayo ni maovu, na kudhulumiwa hakuyahalalishi. Lakini ndani ya picha hiyo limo swali moja, na swali hilo si la Wahindi peke yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Pooja ni mwanamke aliyekulia uyatima. Hajapata kuwa na kwao, na tamaa yake kubwa duniani ni kuwa na mlango wake mwenyewe wa kuufunga na kuufungua. Anakaa Bombay, mji ambao tangu 1995 umeitwa Mumbai, pamoja na mumewe Inder, mtu wa kazi za sinema, katika nyumba ya kupanga. Wanatakiwa wahame. Mara mume anakuja na ufunguo: nyumba imepatikana, nayo ni yao. Mke anafurahi furaha ya mtoto siku ya Idi. Kisha anakuja kujua ufunguo ule ulikotoka. Inder ana mwanamke wa nje, Kavita, mcheza sinema mwenye jina kubwa, na fedha ya nyumba imetokana na kazi aliyokuwa akiifanya pamoja naye. Muda si muda Inder anamuacha mkewe, anakwenda kukaa kwa Kavita. Pooja naye hakutaka kulala chini ya dari lililonunuliwa kwa fedha hiyo. Anauacha ufunguo, anakwenda kukaa katika bweni la wanawake.

Na Kavita jee, amestarehe? Hata kidogo. Anaingiwa na khofu isiyokwisha, akili yake inachafuka, kila akilala anamuona yule mke aliyemvunjia nyumba. Haramu ilimpa mume wa mtu lakini haikumpa usingizi. Mwishowe yeye mwenyewe anamwambia Inder aondoke.

Hapo ndipo Inder anapokumbuka kuwa alikuwa na mke. Anarudi kwa Pooja, anaomba radhi, anataka mambo yawe kama zamani. Pooja hamtukani wala hamlilii. Anamuuliza swali moja: lau mimi ndiye niliyeyafanya haya uliyoyafanya wewe, kisha nikakujia hivi ulivyonijia, ungelinipokea? Inder anafikiri. Kisha, na hili nampa haki yake kwamba hakusema uwongo, anajibu kuwa asingempokea.

Basi. Mazungumzo yamekwisha, na mwanamke huyo hakurudi.

Ndugu msomaji, usiharakishe kusema kuwa hayo ni mambo ya makafiri wa Bombay. Swali hilo lilikwishaulizwa Madina kabla ya kuwako sinema kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili, na aliyeliuliza ni Mtume wetu (s.a.w.). Hadithi hiyo ameipokea Abu Umama, nayo imo katika Musnad ya Imam Ahmad. Kijana mmoja alimjia Mtume akamuomba ruhusa ya kuzini. Masahaba walikuja juu, wakamkemea. Mtume akamuita asogee, akamkalisha karibu yake, akamuuliza kama jambo hilo angelipenda afanyiwe mama yake. Kijana akakataa. Akamuuliza juu ya binti yake, kisha dada yake, kisha shangazi yake, kisha mama yake mdogo, na kila mara kijana alikataa, na kila mara Mtume alimfahamisha kuwa watu wengine nao hawapendi wafanyiwe hivyo watu wao. Kisha akamuwekea mkono, akamuombea dua, na kijana yule hakuligeukia tena jambo lile.

Tazama namna Mtume alivyomuongoa. Hakuanza kwa kumtisha kwa Moto. Alimuweka mahala pa yule atakayeumia. Na hili ndilo ambalo wanaume wetu wengi hawajapata kufanyiwa tangu wazaliwe: kuwekwa mahala pa mwanamke wakaulizwa. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Inder aliulizwa baada ya kuvunja nyumba mbili; yule kijana wa Madina aliulizwa kabla. Na mwanao wewe, nani amemuuliza, na lini?

Katika India yenyewe, upotofu huu haukuwa wa mume mmoja tu. Uliandikwa katika sheria. Kifungu cha 497 cha kanuni ya adhabu ya India, ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1860, kilisema kuwa mwanamume akilala na mke wa mtu bila ya ridhaa ya mume huyo, amefanya kosa, na aweza kufungwa hata miaka mitano. Sikiliza vyema: bila ya ridhaa ya mume! Kana kwamba mke ni baiskeli, ukiichukua bila ya kumuomba mwenyewe umeiba, na ukiazimwa huna lawama. Na mwenye haki ya kushitaki alikuwa mume. Mke aliyefanyiwa khiana na mumewe hakuwa na mlango wa kuugonga, na mume aliyelala na mwanamke asiyeolewa hakuwa amevunja kifungu hicho hata kidogo.

Sasa kiingize kisa chetu katika sheria hiyo. Inder na Kavita, ambaye hakuwa mke wa mtu, wasingelishitakiwa kwa lolote. Lakini katika picha hiyo yumo kijana mwimbaji, Raj, aliyemsaidia Pooja kupata kazi na kusimama tena, naye akampenda. Lau Pooja, hali ya kuwa bado ni mke wa Inder, angelifanya na Raj sehemu moja ya kumi ya yale Inder aliyoyafanya na Kavita, Inder angeliweza kwenda mahakamani akamfunga Raj. Mwenye kuvunja nyumba ndiye aliyekuwa na ufunguo wa jela.

Kifungu hicho kilidumu zaidi ya miaka mia na hamsini, mpaka tarehe 27 Septemba 2018 Mahakama Kuu kabisa ya India ilipokifuta. Na hapa sikubaliani na waliopiga makofi. Mizani iliyopinda yaweza kusawazishwa kwa njia mbili: kumfunga mume kwa kamba ile ile aliyofungwa mke, au kumfungua kila mmoja afanye atakavyo. Wao wamechagua ya pili. Sheria yetu sisi tangu hapo ilichagua ya kwanza.

Lakini jee, sisi wenye sheria hiyo tunaifuata? Fungua Suratun-Nuur. Katika aya ya pili Mwenyezi Mungu ametaja adhabu ya mwanamke mzinifu na mwanamume mzinifu pamoja, na idadi ni moja: mapigo mia kwa kila mmoja wao. Hakumpunguzia mwanamume hata pigo moja kwa kuwa ati damu yake inachemka. Aya ya 30 ni amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi tupu, na walioamrishwa mwanzo ni wanaume. Wanawake wameamrishwa katika aya inayofuata. Sisi mawaidha yetu tunayaanza kwenye aya ya 31. Nimekaa kwenye darsa nyingi, na naweza kuwahisabu kwa vidole wale waliosimama kwenye aya ya 30 muda wa kutosha kikombe kimoja cha kahawa.

Endelea na sura hiyo hiyo. Mume akimtuhumu mkewe naye hana mashahidi, ataapa mara nne, na mara ya tano ajiombee laana ikiwa amesema uwongo. Kisha mke naye ataapa mara nne, na ya tano ajiombee ghadhabu ya Mungu ikiwa mume amesema kweli, na hapo adhabu inamuondokea. Kiapo cha mke kimesimama uso kwa uso na kiapo cha mume. Na mwenye kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi bila ya kuleta mashahidi wanne, adhabu yake ni mapigo themanini. Basi lau hukumu hiyo ingelipitishwa leo kwenye baraza zetu baada ya sala ya alasiri, wangapi wangeliweza kurudi nyumbani kwa miguu yao?

Tazama na mila yetu. Pwani nzima inajua kisarawanda ni nini. Bibi arusi alikaguliwa usiku wa ndoa, na kitambaa cheupe kikatolewa asubuhi kikashangiliwa, na kisipokuwa na alama ilikuwa fedheha ya ukoo mzima. Wengi wameacha kukitembeza, alhamdulillahi, lakini kilichokuwa kikitafutwa kwa kitambaa kile bado kinatafutwa kwa ulimi. Bwana arusi naye alitakiwa alete nini? Hakuna kitambaa chake, hakuna somo wa kumkagua, hakuna mtu aliyekesha mlangoni kungoja khabari zake. Mvulana akilala nje, mamake humuekea chakula chini ya kawa na kusema ni ujana tu, utakwisha. Msichana akichelewa kurudi baada ya magharibi, nyumba inatikisika. Simtetei msichana aliyechelewa. Nasema aliyelala nje ana dhambi yake vile vile, na anayemfunikia chakula ana fungu lake humo.

Najua kuna atakayesema: Sheikh, dini imemruhusu mwanamume wake wanne, mfano wako wa Inder hautuhusu. Ndugu yangu, umekimbilia pasipo na kivuli. Ruhusa hiyo imo katika Suratun-Nisaa aya ya tatu, na katika aya hiyo hiyo limo sharti la uadilifu, na mwenye kukhofu kuwa hataweza ameambiwa mmoja. Mke wa pili ana mahari, ana walii, ana mashahidi, ana zamu yake na nafaka yake, na watoto wake wana jina la baba yao. Anajulikana. Inder hakuoa, aliiba. Nawe unayekwenda mji wa pili ukaoa kwa kunong'ona, ukawaambia mashahidi wasiseme, ukamuacha huko bila ya nafaka, na akipata mimba ukamkimbia, usiniletee aya. Hiyo ni kazi ya Inder iliyovishwa kanzu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika picha hiyo lilinigusa kuliko kisa cha mke na mume, nalo watu hawalitaji sana. Nyumbani kwa Pooja mna mtumishi, amechezwa na Rohini Hattangadi. Ni mwanamke masikini, mumewe ni mlevi na ana mwanamke wake wa nje. Ana binti mmoja mdogo, na kila anachokipata kwa kuosha vyombo vya watu anakiweka ili mtoto huyo apate kuingia skuli nzuri. Mumewe anaiiba fedha ile akaila na hawara yake. Mama huyu akapandwa na hasira akamuua, kisha akaenda kwa miguu yake kituo cha polisi akasema aliyoyafanya.

Wanawake wawili wa nyumba moja, jeraha lao ni moja. Mmoja ana elimu, ana marafiki wa kumpokea na kumtafutia kazi. Akaumia, lakini akasimama. Mwengine hana mtu, akaenda jela. Kuua ni dhambi kubwa wala simuombei udhuru. Lakini ni nani aliyemsikiliza mwanamke huyo siku zote alizokuja kazini akiwa amepigwa? Khiana ya mume humuumiza tajiri na masikini, ila masikini hulipa kwa bei nyengine.

Nanyi kina mama wenye nyumba, hapa nasema nanyi. Nyumba nyingi za pwani zina msichana wa kazi. Hutolewa shamba akiwa na miaka kumi na tatu, kumi na nne, hulala jikoni au ukumbini, na ndani ya nyumba hiyo mna wavulana waliobaleghe, na pengine mna baba ambaye macho yake hayajui aya ya 30. Mnamfunga binti yenu ndani asionekane na mtu, na mtoto wa mwenzenu mnamlaza pasipo na kitasa. Kisha anaonekana ana mimba. Hapo mbio zinaanza: nauli ya basi, kanga mbili, na maneno ya kumwambia mamake kuwa mtoto huyu ana tabia mbaya. Mvulana huulizwi ulizo. Hupelekwa kwa mjomba Dubai au Maskati akatafute maisha, na akirudi hufanyiwa harusi ya ngoma siku tatu. Mtoto aliyezaliwa shamba ni mjukuu wenu kwa damu, mkitaka msitake, naye hana hata picha ya harusi hiyo.

Mnaijua hadithi ya mwanamke wa kabila la Makhzum aliyeiba, ambaye jamaa zake walimtuma Usama akamuombee kwa Mtume (s.a.w.) kwa kuwa ni wa ukoo mkubwa. Mtume alikasirika. Akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimuacha, na mnyonge akiiba walimuadhibu. Akaapa kuwa hata Fatima binti yake lau angeliiba angelimkata mkono. Hadithi hii twaisoma kila mwaka, tukaihifadhi kwa Kiarabu na tafsiri yake. Ni ukoo gani mkubwa kuliko ukoo wa Fatima? Na ni mwanao gani huyo mtukufu zaidi hata hukumu impite pembeni imfuate mtoto wa jikoni?

Wapo pia watakaonilaumu kuwa maneno haya yatawafundisha wanawake kuwakimbia waume zao kama alivyofanya Pooja. Sheria haikungoja sinema. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume akasema kuwa hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila hawezi kukaa naye. Mtume akamtaka airudishe bustani aliyopewa mahari, na Thabit akaamrishwa amuache. Hiyo ndiyo khuluu. Na anayedhulumiwa ana mlango wa kadhi, aombe ndoa ifasiliwe. Mwanamke anayezijua haki hizo huzungumza na mumewe mapema, kabla ya mambo kuharibika. Asiyezijua hunyamaza miaka ishirini, kisha siku moja hufanya lisilofaa kufanywa. Hata kusamehe ni hiari yake, nako ni bora kwa aliyetubia kweli. Lakini msamaha hauchukuliwi kwa nguvu kama deni.

Mtunzi wa picha ile tumeachana mwisho wake. Raj alitaka kumuoa Pooja, naye akamkataa, akasema ataishi peke yake na kumlea yule binti wa mtumishi. Kumlea mtoto ni thawabu kubwa, kwani aliyelelewa yatima amemlea asiye na mtu. Lakini kwa nini akatae ndoa ya halali? Khadija (r.a.) alikuwa mjane alipoolewa na Mtume wetu. Mwanamke aliyeumizwa na mume mmoja, eda yake ikiisha, hana haja ya kuwaogopa waume wote.

Ukifika mwezi wa ndoa, mabaraza ya posa yatakaa. Wazee watauliza juu ya msichana: ni mtoto wa nani, amesoma wapi, husimama na nani njiani. Mzee anayemposea mwanawe, kabla hajavaa kanzu yake kwenda ugenini, amuite kijana huyo chumbani, afunge mlango, amuulize swali la Mtume (s.a.w.) kwa yule kijana, na baada yake amuulize na lile la Pooja: yote uliyoyafanya wewe, lau angeyafanya huyu unayetaka tukakuposee, ungelimtaka? Akijibu, amsikilize. Akinyamaza, avue kanzu, posa ingoje.